Kibao cha Shingoni

Juzi binti yangu alikuwa akikariri vitenzi vya Kiingereza, vya leo kisha vya jana, nikajikuta nimeshika shingo.

Shuleni kwetu Ekero, aliyeteleza akaongea Kiluhya alivishwa kibao cha mbao, akakaa nacho mpaka amnase mwingine. Aliyelala nacho alichapwa asubuhi. Siku moja mwalimu wa Kiingereza aliniuliza nilikula nini jana. Kitenzi cha jana kikanipotea, nikajibu kwa Kiluhya.

Baada ya masomo nilikata njia kwenye miwa, harufu ya sukari nguru ikichemka ikinifuata, kamba ya kibao ikinikwaruza. Nyuma ya jiko moja nikasikia sauti niliyoijua. Mwalimu yuleyule alikuwa amechuchumaa kando ya mama yake, akimwomba ugali kwa Kiluhya kitupu. Nilipigwa na butwaa. Siku zote niliamini alizaliwa akiongea Kiingereza.

Lakini sheria ilikuwa sheria. Nikavua kibao, nikamnyooshea mwalimu.

"Ni nini hicho?" mama yake akauliza.

Mwalimu, aliyejua vitenzi vyote vya jana, akakosa neno. Nikamjibu nyanya yule mimi, nikidhani namsaidia mwalimu.

"Kukhu, ni cha kuvaa mtu akiongea kama wewe."

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Nyanya yule akavua kitambaa cha kichwa, akainamisha shingo mbele ya mwalimu wetu.

"Basi nivalishe, mwanangu."