Yai Lililokataliwa na Kuku

Wa kucheka acheke sasa, amalize. Haya yalinikuta mimi mwenyewe hapa Itetemia, Tabora, mchana jua likiwaka, na sikuwa nimelewa wala sikuota.

Mimi ni fundi redio. Friji bovu niliwahi kuligeuza mashine ya kutotolesha mayai, kwa balbu na bakuli la maji, nikajiona mjuzi kweli. Wakati huo kuku wa mke wangu walikuwa wameisha kwa ugonjwa wa kideri. Ni kuku alioachiwa na marehemu mama yake, na mbegu yote ilikuwa imebaki kwenye trei moja ya mayai. Alinikabidhi trei ile machozi yakimlengalenga.

Alasiri hiyohiyo akaja bibi mmoja nisiyemjua, na yai moja mkononi. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Hakuitikia. Wewe umewahi kumwona mzee wa Tabora akimnyima mtu marahaba? Alinikazia macho ya chuki, kama niliyemkosea zamani, kisha akauliza:

"Mashine yako hukataa yai?"

Nikamwambia haikatai kitu. Akasema kuku wake kila akiwekewa lile yai hulisukuma nje ya kiota kwa mdomo. Mke wangu, aliyekuwa uani akichambua mchele, aliacha ungo akasimama. Kwao Nzega, alisema, yai lililotolewa kiotani na kuku halirudishwi, maana kuku hulijua lisilo la kuku. Nikamjibu kwa mzaha kwamba mashine haina mdomo. Nikalipokea, nikaliweka kwenye trei pamoja na ya mke wangu. Bibi akaondoka bila hata asante.

Baada ya wiki niliyamulika mayai kwa tochi, kama tunavyofanya sote. Mengi ya mke wangu yalikuwa na mishipa myekundu, mazuri kabisa. Lile la bibi lilikuwa jeusi tii, na yaliyoligusa yalikuwa yamezima. Nikalitumbukiza chooni, nikasikia likitua. Niamini, kesho yake nililikuta katikati ya trei, kavu, lina joto. Sikuthubutu kuligusa tena.

Siku ya kuangua, mke wangu alitandika kanga sakafuni awapokee vifaranga. Kimya. Nikashika yai moja, jepesi. Nikalipasua: tupu, limefyonzwa, na ganda halikuwa na tundu. Yote yalikuwa hivyo. Kisha lile la bibi likapasuka lenyewe. Kilitoka kifaranga chenye kucha za jogoo mzee. Hakikulia. Kilinitazama kwa macho yaleyale ya chuki, na sauti ya yule bibi ikatoka mdomoni mwake, taratibu:

"Marahaba."

Kikashuka, kikakanyaga kanga ya mke wangu, kikatoka mlangoni kama mwenye nyumba. Nani angekifuata?

Mashine niliichoma. Kanga ile mke wangu hajaivaa tena, na mbegu ya mama yake imekwisha. Mimi nimebaki na hili: kuku akiwa anaatamia, nikipita karibu huinuka akaacha mayai yapoe. Majirani wameniomba nizungukie njia ya nyuma.

Juzi nilimtembelea shemeji yangu Igunga. Mtetea wake aliniona nikiingia, akaacha kiota, akaja moja kwa moja miguuni pangu. Hakunidonoa. Alinisukuma kwa mdomo, pole pole, mpaka nikawa nje ya mlango.

Kwa hiyo ukiletewa yai la kutotolesha, uliza kwanza kuku alisemaje. Alilolikataa yeye, wewe usilipokee.