Mji Usio na Watu

Gachoki alizaliwa upande wa Siakago, kwenye jua kali, lakini riziki aliipata Meru mjini, katika kibanda cha kutengeneza runinga na kompyuta karibu na uwanja wa Kinoru. Alipokuwa kijana alitaka kuwa rubani. Macho yakamwangusha kwenye vipimo, akarudi nyumbani, akavaa miwani minene, akajifunza kuchomelea nyaya.

Mchana, kazi ikipungua, alikuwa akiwasha gemu lake la ndege za kivita. Halikuwa gemu la mzaha. Kabla injini haijanguruma ilibidi uguse swichi moja baada ya nyingine, na ukitua vibaya unaungua na ndege yako. Gachoki aliruka hivyo miaka mingi akiwa kwenye kiti cha plastiki, akipiga madaraja na maghala ya watu asiowajua.

Kibanda cha jirani kilikuwa cha Ijabo, mama mtu mzima aliyeuza vitambaa. Alifika Meru zamani, akitoka ng'ambo ya mpaka na mtoto mchanga mgongoni. Mtoto huyo, Leylo, sasa ameolewa Maua.

Siku moja ya Julai, ukungu umeshuka mpaka barabarani, Ijabo aliingia na pasi iliyoungua. Gachoki alikuwa hewani. Alikuwa amepata ramani mpya iliyotengenezwa kwa picha za setilaiti, na alikuwa akiijaribu. Ijabo alisahau pasi mkononi.

"Rudi," alisema.

"Nini, Mama Leylo?"

"Umepita. Rudi pale kwenye mto."

Gachoki akakata kona. Chini kulikuwa na mji wa rangi ya vumbi uliojikunja kando ya mto mkavu. Ijabo alinyoosha kidole bila kugusa kioo. Msikiti. Kisima. Soko la ngamia. Kisha ua mmoja mdogo.

"Hapo ni kwetu. Lakini hiyo nyumba haipo. Ilipigwa na ndege. Mbona imesimama?"

"Picha ni ya zamani, Mama. Ilipigwa kabla."

Ijabo alisogea mpaka pumzi yake ikagusa kioo. "Na yule ni nani?"

Gachoki alikaza macho. Katikati ya ua kulikuwa na mstari mweusi, mwembamba, umelala chini kama kivuli cha mtu aliyesimama kwenye jua la asubuhi. Mtu mwenyewe hakuonekana. Akaishusha ndege apate kuona vizuri, lakini kadiri alivyokaribia, kivuli kilitawanyika kikawa madoadoa ya kahawia. Akapanda tena, nacho kikarudi.

Tangu hapo Ijabo alikuja kila mchana na chupa ya chai ya iliki. Alimweleza Gachoki habari za Keinan, mdogo wake wa mwisho. Yeye Ijabo alikuwa ameenda kisimani na mtoto, Keinan akabaki kulinda mbuzi. Baada ya mabomu hapakupatikana chochote chake, hata kiatu. Kisha mtu mmoja akasema alimwona kwenye njia ya mpakani. Kwa neno hilo moja Ijabo hakumlilia ndugu yake wala kumwombea kama maiti. Kila dereva wa lori aliyetoka kule, alimuuliza.

"Unaweza kutua?" alisema siku moja.

Gachoki alitua kwenye barabara iliyoingia mjini, akaisogeza ndege polepole hadi karibu na ule ua, kisha akazima injini. Ikabaki sauti ya upepo tu. Hapakuwa na mbwa wala kuku. Madirisha yalikuwa yamechorwa ukutani. Magari yalikuwa rangi tu, yamelazwa barabarani kama ngozi zinazoanikwa.

"Keinan," Ijabo aliita kwa sauti ya chini.

Nywele za Gachoki zilisimama, kwa sababu na yeye alikuwa amenyamaza ili asikie jibu.

Alikuwa amesahau kwamba gemu hupanga vita vyake lenyewe. Rada ilikuwa haijalia bado, lakini Ijabo alikuwa ameshaingia chini ya meza, mikono kichwani. Ndipo Gachoki aliposikia mngurumo, mbali, ukikua. Bomu la kwanza liliangukia sokoni. Akang'oa waya ukutani.

Kibanda kikawa kimya. Ukungu ulikuwa mlangoni.

"Ukiwa huko juu," Ijabo aliuliza kutoka chini ya meza, "sisi tunaonekana hivyo?"

"Mara nyingi watu hatuwaoni kabisa, Mama."

"Basi aliyetupiga hakutuona," alisema, na Gachoki hakujua kama hilo lilimfariji au lilimuumiza. Alimshika mkono akamtoa chini ya meza.

Ijabo hakuja wiki nzima. Katika wiki hiyo watengenezaji wa ramani walileta picha mpya, na Gachoki akatazama akiwa peke yake. Nyumba haikuwepo, wala ua, wala kivuli. Ilikuwa ardhi tupu iliyosawazishwa. Alifikiria kumficha Ijabo habari hiyo. Akaenda kumwita.

Ijabo alimwambia azunguke juu ya mahali hapo, kisha azunguke tena. Alipotosheka alivuta ushungi usoni.

"Zima," alisema. "Nimeona."

Ijumaa iliyofuata, Leylo na mumewe Abdikadir walishuka kutoka Maua. Kwenye msikiti wa mjini, baada ya swala ya Ijumaa, Keinan akasaliwa swala ya maiti asiyekuwepo, na Ijabo akasimama upande wa wanawake pamoja na binti yake. Gachoki, ambaye ni Mkristo, alingoja langoni akiwa ameshika kofia yake.

Walipotoka, Abdikadir alimuuliza mama mkwe wake kwa heshima ndugu huyo alikuwa na umri gani. Ijabo alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Alikuwa amemwazia akizeeka miaka yote hii.

"Ndevu zilikuwa zinaanza," alisema mwishowe, na hapo ndipo alipolia.