Babu Alipewa Kifungo

Kila nikipiga pasi, ule mvuke wa shati bichi hunirudisha mtaa wa Al Twar, kwa Waarabu, kwenye nyumba ya madam aliyemwajiri mama. Mama alikuwa akipiga pasi, nami nimekaa sakafuni nachezea kopo lake la vifungo.

Madam alikuwa Mwaustralia. Alishinda kwenye kompyuta akitafuta ukoo wake, mara akapiga kelele za furaha. Babu wa babu yake, mtu wa Ireland, aliiba kondoo, akatiwa minyororo na kupelekwa Australia kwa meli! Akamkumbatia mama kama tuko harusini; kumbe kwao hiyo ni fahari.

"Na wa kwenu je?" akauliza.

Mama aligeuza shati. Mimi nikadakia kwa Kiswahili neno nililozoea kulisikia likinong'onwa nyumbani: "Babu yake mama alipewa kifungo na Mzungu!" Nikainua kifungo kikubwa cha koti nimwonyeshe. Siku zote nilidhani ilikuwa zawadi.

"Anasemaje?" madam akauliza.

Mama angeweza kumwambia ni habari za koti tu. Aliisimamisha pasi, akainua kidevu.

"Anasema babu yangu alifungwa jela, madam."

"Ala! Aliiba nini?"

"Hakuiba. Alikataa kuwachimbia Wazungu barabara yao bure. Aliyeiba ni wako."

Madam alicheka peke yake, kisha akaacha.

Mama akanitilia kile kifungo mfukoni. "Kitunze, ni chetu," akasema. "Na ukiulizwa tena, sema vivyo hivyo, kwa sauti."