Maji Yasiyonuka

Shangazi yangu ananuka samaki aliyeoza, na samaki mwenyewe hapiki. Ni fundi wa maabara. Mwaka wa kumi na moja huu anatengeneza unga wa silika, madini ya mchanga, wenye vitundu visivyoonekana kwa macho, kisha anaupaka dawa ya kunasa rangi. Dawa hiyo ndiyo uvundo wenyewe. Akirudi nyumbani, mumewe humpokea mlangoni na ndoo ya maji kabla hata ya salamu.

Anavumilia kwa sababu ya mfereji. Kiwanda cha vitambaa humwaga humo maji mekundu, yanapita nyuma ya nyumba ya bibi, mama yake, ambaye hana maji mengine ya kuogea. Miguu ya bibi imebabuka hadi inatia kinyaa.

Vitundu huachwa na sabuni: silika inaigandia, kisha tanuri linaiunguza sabuni kwa saa sita. Safari hii mkuu wake, mtu wa tai na manukato, alilizima baada ya saa mbili. Mtu huyo ananitia kichefuchefu mpaka leo.

"Wakaguzi wanakuja kesho, mama. Paka dawa, tumalize."

"Haraka haraka haina baraka, mkuu. Sabuni imeziba vitundu. Unga hautanasa rangi."

"Utanasa."

Haukunasa. Asubuhi maji yalipita kwenye unga yakatoka mekundu vilevile, tena na povu juu.

Lakini wakaguzi walipoketi, chupa iliyokuwa mezani ilikuwa na maji meupe pe. Karibu nayo palikuwa na kibali cha kiwanda. Wakisaini, unga ule mfu ungewekwa kwenye bomba la kiwanda, na bibi angeendelea kuoga uchafu, sasa wenye muhuri.  Shangazi akaifungua chupa, akanusa. Maji yaliyopita kwenye unga wake mpya hayakosi kunuka kidogo. Haya hayakunuka kitu.

"Haya ni maji safi ya bomba, hayajapita kwenye unga," alisema.

Mkuu akacheka. "Msameheni, pua yake imechoka."

"Imechoka na wewe!"

Mkaguzi mkubwa alinusa chupa, kisha akamsogelea shangazi, akaziba pua. Halafu akafunga kalamu yake bila kusaini.

Jioni mume wa shangazi alingoja na ndoo, akangoja sana. Shangazi alikuwa amepitia kwanza kwa bibi, na uvundo wake vilevile, wakakaa mkeka mmoja. Bibi hakuziba pua.