Santuri Iliyokwanguliwa Jina

Jirani yangu Evaristo Cassiani alikuwa msiri mpaka kero. Mtaani kwetu Nariño, mjini Cartagena, alikuwa na piko, ukuta wa spika wenye picha ya mwewe, pamoja na santuri moja ya Kongo ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Aliipata kwa baharia, akaikwangua jina kwa wembe palepale kwenye geti la bandari. Wenye piko wote walifanya hivyo, ili mshindani asijue aagize nini. Sisi wachezaji tuliibatiza Iguana.

Shangazi yake Nicolasa, mpiga ngoma wa matanga kutoka kijiji cha Palenque, alimcheka kila siku. "Wewe Varo, mficha uchi hazai!"

"Shangazi, ukijua wewe leo, kesho atajua Migdonio."

Migdonio ndiye mwenye piko la Nyigu. Jumapili moja waliwekeana sharti: atakayekimbiwa na wachezaji ahamishe spika zake, asirudi tena mtaani. Kwa Varo hilo lilikuwa sawa na kuzikwa. Nami niliogopa, maana nilijua kwamba siku ile bandarini wembe uliteleza ukachana sahani, na kwa miaka miwili alikuwa akiweka sarafu juu ya mkono wa sindano ili isiruke. Nilimwona, nikanyamaza. Upumbavu wangu.

Saa tisa alasiri Nyigu alikuwa ameshatunyang'anya nusu ya watu. Varo akaweka Iguana. Wakarudi mbio! Gitaa likapanda, viuno vikaitika. Sindano ikafika penye mchubuko, ikaruka, ikarudi, ikaruka tena. Varo akaisukuma kwa kidole, ikakwaruza sahani mpaka katikati.

Muziki ukakatika.

"Mwewe kanyonyoka manyoya!" Migdonio alicheka kwenye maikrofoni. "Njooni huku, wanangu!"

Watu wakaanza kuondoka. Ndipo Nicolasa alipoibana ngoma mapajani, akadakia pale gitaa lilipokatikia, kwa mapigo yaleyale ya kusindikizia wafu kwao, ila ameyachangamsha. Wanawake tukaimba maneno tuliyojitungia juu ya Kikongo tusichokielewa. Hakuna aliyeondoka tena. Hata wachezaji wa Nyigu walivuka uwanja wakaja kwetu.

Migdonio naye akaja, kofia mkononi.

"Varo, nimeshindwa. Kesho nabeba spika zangu. Ila binamu yangu anasafiri na meli iendayo Matadi, kulekule Kongo, wiki hii. Nipe jina la ile sahani, akuletee nyingine. Kwangu imeshakuwa haina faida."

Varo aliigeuza santuri, akaitazama pale katikati palipokwanguliwa.

"Sijui."

"Acha ubahili, kaka. Mashindano yamekwisha."

"Sijui, Migdonio!" Alikuwa analia waziwazi, mtu mzima, mbele ya mtaa mzima. "Niliogopa watu wako wangeniona. Nilikwangua kabla sijasoma."