Mtabiri wa Tuzo na Sinema ya Bi Ardis

Shemeji yangu Wendell Kivela hajui kukosea anapotabiri tuzo za filamu, na mji mzima wa Agate Narrows, huku kwetu kaskazini mwa Marekani, umekilipia kipaji hicho.

Ameoa dada yangu Janine. Mchana huketi nyuma ya dirisha la ofisi ya leseni za udereva, akiwaamuru wazee wasome herufi za ukutani za kupimia macho. Akivua beji ya serikali anakuwa mtu mwingine, mjuzi wa sinema, mwenye skafu shingoni hata ndani ya nyumba, anayetamka "kazi ya kamera" huku amefumba macho. Kila Januari hubandika mkahawani kwa Tilda karatasi ya filamu zake kumi bora za mwaka, pamoja na utabiri wake wa Oscar, tuzo baada ya tuzo, mpaka ile ya sauti ambayo hakuna binadamu wa huku aliyewahi kukosa usingizi kwa ajili yake. Watu humwita Profesa. Yeye hudhani wanamsifu.

Msifikiri anatabiri kwa kutazama filamu. Hiyo ni kazi ya washamba kama mimi. Wendell hutazama watabiri wenzake. Wapo mamia huko mtandaoni, kila mmoja anamchungulia mwenziwe anasema nini, na wote wanachungulia vyama vya waongozaji na watayarishaji vimempa nani tuzo zao za mwanzo. Ni kama watu wanaojua mvua itanyesha kwa kutazama nani amebeba mwavuli. Nilipombana mwaka jana, alikiri kwamba katika zile kumi bora zake, tatu hakuwa ameziona.

"Sasa umejuaje kwamba ni bora?" nikamuuliza.

"Shemeji, mambo haya yana utaratibu wake."

"Utaratibu wa kutazama kwa macho ya jirani?"

"Janine, mwondoe dada yako."

Usiku wa tuzo hufanya karamu chini ya nyumba, kwenye chumba cha televisheni. Janine hupika siku mbili, maana kila chakula lazima kifanane na filamu mojawapo iliyoteuliwa, na maskini dada yangu ameshawahi kuhangaika na samaki aliyekaushwa kwa moshi ili afanane na manowari. Kila mgeni hujaza karatasi ya utabiri. Anayepatia nyingi huchukua kombe, ambalo ni kombe la mchezo wa bowling la marehemu baba yake Wendell lililopulizwa rangi ya dhahabu. Halijawahi kutoka ndani ya nyumba ile. Kila mwaka mwenye nyumba hujikabidhi mwenyewe, hutoa hotuba, na humshukuru mkewe, ambaye wakati huo yuko jikoni anaosha masufuria.

Haya yote ningeyavumilia. Mtu na ugonjwa wake. Lakini mwaka huu ujuaji wake ulitoka nje ya nyumba.

Novemba iliyopita tulikwenda Duluth sote watatu kwenye tamasha la filamu, mimi nikiendesha. Tukaona filamu ndogo, haina nyota hata mmoja, inaitwa *Kibanda cha Eino*. Ni habari ya mzee mfiwa anayekataa kukiondoa kibanda chake cha kuvulia samaki juu ya barafu ya ziwa, majira yanageuka, barafu inapasuka, na yeye yumo ndani, kwa sababu mkewe ndiye aliyekipaka rangi ile ya njano. Kwetu kila familia ina mjomba wa aina hiyo. Kila mwaka polisi huja kubembeleza mtu mmoja mbishi atoke ziwani. Ukumbi mzima ulicheka, kisha watu wakaanza kupenga kamasi. Wendell alilia mpaka miwani ikaingia ukungu. Alilia kwa sauti, kilio cha mtoto, Janine akampa leso na mimi nikampa skafu yake mwenyewe.

Njiani alifuta miwani mpaka tulipopita kituo cha mafuta cha Two Harbors. Hapo akakohoa, akasema, "Haina nafasi. Kampuni yao haina pesa ya kampeni ya tuzo." Basi. Januari nikaisoma karatasi yake pale kwa Tilda. *Kibanda cha Eino* haimo. Namba moja ni *Mizani ya Majivu*.

Sasa niwaeleze kuhusu Bi Ardis Haugen. Yeye ni mjane, ana miaka sabini na kitu, na ndiye mwenye Boreal, sinema yetu pekee, ya skrini moja. Tiketi anakata yeye, taa anazima yeye. Machi huku kwetu ni mwezi wa adhabu. Barafu haikanyagiki tena, boti bado haziingii majini, na mahali pa kukaa na wenzako bila kulewa wala kuombewa ni pale Boreal tu. Machi ikijaa watu, Bi Ardis huvuka mwaka. Mwaka huu alikuwa na mtu kutoka kusini aliyetaka kulinunua jengo aweke pikipiki za theluji za matajiri. Bi Ardis alituambia wazi kanisani, baada ya ibada, kwamba Machi ikiwa tupu, atauza.

Na wenye filamu wana masharti yao. Ukiichukua filamu mpya unaionyesha wiki mbili, peke yake, hakuna kubadilisha. Kwa hiyo alikuwa na chaguo moja tu. Akabeba trei ya keki za tufaha, akaja jikoni kwa Janine kumuuliza Profesa. Nami nilikuwapo, nakunywa kahawa yangu.

"Wendell, wewe ndiye unayezijua," akasema. "Nipe filamu ya kunijazia viti."

"*Mizani ya Majivu*," akajibu, hata keki hajameza.

"Inahusu nini?"

"Bi Ardis, hilo si la kuuliza. Imechukua tuzo ya waongozaji, imechukua ya watayarishaji, imechukua ya Waingereza. Umewahi kuona filamu ya namna hiyo ikaanguka?"

"Mimi sijui mambo ya kuanguka. Inahusu nini?"

"Hakimu. Vita. Dhamiri." Akafumba macho. "Kazi ya kamera ni ya ajabu."

Hapo nikashindwa kujizuia. "Na ile ya kibanda? Ile iliyokuliza Duluth?"

"Sikulia. Nilikuwa na mafua."

"Mafua gani yanayosema 'Toka humo, Eino, toka!'?"

Janine akapaliwa na kahawa. Wendell akawa mwekundu mpaka kwenye masikio.

"Marlys, filamu ile haikuteuliwa kwa lolote. Hata kwa wimbo! Unataka Bi Ardis aonyeshe kitu kisichotambuliwa na mtu?"

"Nakitambua mimi."

"Wewe unatambua nini, shemeji? Wewe husinzia kabla hata jina la filamu halijatokea."

"Nasinzia zako. Ile sikusinzia."

Bi Ardis alikuwa akitutazama mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta wa kumwamini. Ni mwanamke wa kizazi kinachoheshimu elimu, na mwenye skafu alikuwa mmoja tu. "Ile ya kibanda ni nzuri, Wendell?" akamuuliza kwa upole.

Wendell alikuwa na nafasi pale. Angesema neno moja tu. Akapangusa makombo mdomoni akasema, "Ni filamu ndogo." Kesho yake Bi Ardis akatia saini *Mizani ya Majivu*.

Usiku wa karamu, hakimu wa majivu alizoa tuzo zote kubwa. Wendell alipanda juu ya kiti. Alimpigia Bi Ardis simu mbele yetu sote, akipiga kelele, "Tumeshinda! Tumeshinda!" Sijui yeye alishinda nini. Hakuandika, hakucheza, hakushika kamera, na, kama nilivyokuja kujua, hakuwa hata ameitazama.

Ijumaa filamu ilipoanza pale Boreal, mji ulikuja. Sitamsingizia mtu, watu walikuja kwa wingi, wamevaa vizuri, kwa ajili ya Bi Ardis. Mimi nilijitolea kuuza bisi. Taa zikazimwa, na kwa nusu saa ya kwanza hakuna aliyesema neno kwenye filamu ile. Theluji ikaanguka tu, nyeusi na nyeupe. Watu waliokwisha vunjika migongo kwa kuzoa theluji miezi mitano, wamelipa kuitazama ikianguka! Kisha hakimu akaingia, akaketi, naye akanyamaza.

"Akinyamaza zaidi huyo," akasema gizani Orrin Maki, dereva wa gari la kusafisha barabara, "nitakiri mimi."

Huku kwetu hatutukani kitu cha mwenzetu. Watu walitoka mmoja mmoja, wameinama kama wanaotoka ibadani mapema, na kila aliyempita Bi Ardis mlangoni alimwambia, "Mh, ilikuwa tofauti," akauliza hali ya barabara, akaenda zake. Ukisikia "tofauti" Agate Narrows, jua umekwisha. Jumamosi walikuja wachache. Jumapili alikuja mchungaji na mkewe, na mchungaji alikoroma. Baada ya hapo Bi Ardis alikuwa akimwonyesha hakimu viti vyake vyekundu, na hakimu alikuwa akivinyamazia. Aliwapigia simu wenye filamu, akaomba abadilishe. Wakamjibu kwamba mkataba ni mkataba, na kwamba wanampongeza kwa kuchagua mshindi.

Na Profesa alikuwa wapi? Alikuwa na kazi. Jumatatu baada ya tuzo, wale wenzake wa mtandaoni huanza utabiri wa mwaka unaofuata, wa filamu ambazo nyingine hazijaanza hata kupigwa. Alionekana Boreal usiku wa mwisho wa zile wiki mbili, uso unang'aa, amekuja kupokea shukrani. Alitukuta mimi na Bi Ardis tunamwaga bisi kwenye mfuko wa taka.

"Mbona hakuna watu?" akauliza.

Bi Ardis aliuweka mfuko chini. "Wendell, wewe mwenyewe umeiona hii filamu?"

"Nimesoma mengi sana juu yake."

"Umeiona?"

"Bi Ardis, lakini nilipatia! Nilisema itashinda, ikashinda. Sikukosea."

"Mimi nilikuuliza ipi itajaza viti," akasema Bi Ardis. "Wewe ukanijibu ipi itashinda."

Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha! Wendell alisimama pale mbele ya mashine ya bisi, na mimi niliyekuwa nimemwekea maneno makali ya wiki mbili nzima sikuona hata haja ya kuyatoa. Nilimchukia kabisa usiku ule. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mtu huyu alikitembeza kibaya mji mzima hali kizuri kilikuwa kifuani mwake.

Aprili Bi Ardis akauza. Mashine ya kuonyeshea filamu ikachukuliwa na mtu wa Wisconsin, viti vikang'olewa, na mlango wa mbele ukapanuliwa ili pikipiki zipite. Janine aliacha kuongea na mumewe mezani. Kwa Tilda mtu alibandua ile karatasi ya kumi bora, na hakuna aliyesema ni nani. Mimi najua, maana ni mimi.

Siku moja Wendell akanifuata nimpeleke kwa Bi Ardis. Hakuwa na skafu. Tulimkuta anafunga vyombo, anahamia kwa binti yake St. Cloud. Wendell akabaki amesimama kizingitini, akamwambia kwamba anataka *Kibanda cha Eino* ionyeshwe japo mara moja, popote, ukumbi wa kanisa au wa shule, gharama ni zake. Bi Ardis akamuuliza kwa nini.

Basi akamsimulia. Alianza na yule mzee anavyokata tundu kwenye barafu, akafika kwenye rangi ya njano na brashi iliyokauka ambayo mzee hataki kuitupa. Akasimulia maji yanavyoingia taratibu chini ya mlango, mzee anainua miguu tu, anaendelea kuvua. Akasema baba yake mwenyewe alikuwa hivyo, walimtoa kwenye barafu kwa kamba, na hakuwasamehe mpaka alipokufa. Hakutaja tuzo. Hakutaja kamera. Alisimulia mpaka mwisho, na Bi Ardis akaketi juu ya sanduku lake akalia, nami nikalia, ingawa nilikuwa nimeiona.

Kisha Bi Ardis akajifuta uso kwa aproni.

"Ungenisimulia hivi siku ile jikoni, Wendell," akasema, "leo ningekuwa na mahali pa kuionyesha."