Wasifu wa Koti la Kijivu

Siku hizi watu wanasema mitumba, na wenye maduka ya vioo wanasema nguo kutoka nje. Sisi tuliokula chumvi nyingi tulizikuta zikiitwa kafa Ulaya. Hoja yake ilikuwa rahisi: mtu mwenye akili timamu hawezi kugawa koti zima, halina hata tundu, kwa hiyo mwenyewe lazima amekufa, tena amekufa huko huko Ulaya. Utotoni tulikuwa tunanusa ukosi kwanza ndipo tuvae. Jina hilo ndilo lililompa wifi yangu wateja, na ndilo lililokuja kumkwama kooni. Nilikuwepo tangu mwanzo, kwa sababu cherehani yangu ilikuwa imepakana na kibanda chake, nami nilikuwa nikipunguza na kuongeza nguo alizouza.

Wifi alikuwa mke wa kaka yangu. Kaka alifariki zamani, akamwachia mtoto mmoja wa kiume na ulimi mkali ambao nadhani aliuokota kwetu, maana kwao ni watu wapole. Alifanya kazi ya udobi katika hoteli kwa miaka mingi, akifua mashuka ya wageni, mpaka hoteli ikaleta mashine mpya na wanawake wakaambiwa asanteni. Wakati huo kijana wake alikuwa amekwenda Ulaya, anabeba mizigo kwenye ghala la watu.

"Mama, ukikaa nyumbani utazeeka," kijana alimwambia kwenye simu. "Anza biashara ya nguo. Mimi nikirudi nitashika upande wa wanaume, wewe shika wa wanawake."

Mtoto aliyasema hayo kama mtu anayempoza mama yake, lakini wifi aliyachukua kama mkataba. Alimleta seremala akajenga kibanda chenye ubao katikati, huku meza na kule meza, na upande wa wanaume akaweka kiti kipya chenye mgongo. Yeye mwenyewe alikalia ndoo iliyopinduliwa.

Nikamtania. "Wifi, mtu hajapanda hata ndege, wewe umeshamwekea kiti?"

"Akija akakuta hana pa kukaa, atarudi alikotoka," akanijibu, wala hakucheka. Tangu hapo nikajua kwamba kile kibanda hakikuwa cha nguo. Kilikuwa cha kumrudisha mtoto.

Belo la kwanza tulikwenda kulinunua pamoja. Belo huuzwa likiwa limefungwa kwa mikanda, huoni ndani, unachagua kwa roho yako. Wenzetu walikuwa wakichungulia pembeni, wakivuta kauzi, wakiwauliza wenye ghala kwa macho. Wifi alipita akiyainua moja moja kwa kona. Dobi huamini uzito, maana shuka zito ndilo shuka zuri. Akachagua zito kuliko yote, akalipakia kwenye mkokoteni, akatembea nyuma yake kichwa juu kama bi harusi.

Tulipokata mikanda kibandani, yakaruka makoti. Makoti ya baridi, manene, yenye bitana mbili, mengine yana manyoya shingoni. Jua lilikuwa linatuchoma mpaka utosini. Nilicheka hadi nikakaa chini, na yeye akanikazia macho kwa namna ambayo nikaona afadhali ninyamaze, nikashindwa, nikacheka tena.

Jioni alimpigia mwanawe kumweleza. Nilimsikia kijana anacheka mpaka anakohoa.

"Mama, umenunua baridi!"

"Nicheke tu, umefanana na shangazi yako."

"Niwekee moja basi. Nikirudi nitakuwa nimeshaizoea."

Alimchagulia la kijivu, lenye vifungo vikubwa vya kahawia. Akanipa nipunguze mikono, kwa kuwa kijana alichukua mikono mifupi ya kaka yangu. Sikuwa na vipimo vyake, nilipima kwa kumkumbuka. Nikalitundika kwenye msumari juu ya kile kiti kipya, na hapo likakaa.

Lakini mengine nani atayanunua? Watu walipita, wakayagusa, wakajipepea, wakaenda zao. Mwishowe akapita mlinzi wa usiku anarudi kutoka kazini, akainua koti moja jeusi akauliza kwa kejeli, "Mama, huyu wa kafa Ulaya, kafa na nini?"

Wifi alikuwa amechoka na joto na kuchekwa. Akasimama, akalishika lile koti kwa mabega, akaanza kwa sauti ile ya mtu anayesoma wasifu wa marehemu msibani.

"Marehemu alizaliwa penye theluji, wa tano katika familia ya watoto watano. Alisoma kwa shida, akaoa kwa haraka. Alikuwa mlinzi wa benki, na katika zamu zake haikupotea hata kalamu. Alifariki akiwa usingizini, kwa sababu maisha yake yote hakuwahi kuupata. Ameacha mjane na koti."

Na mimi, sijui nini kilinipanda, nikajitupia kichwani kitambaa nilichokuwa nakishona nikapiga yowe, mguu wangu haujatoka hata kwenye pedali: "Uuuwi! Mume wangu! Umeniachia nani?"

Watu waliokuwa wakipita walirudi nyuma. Mlinzi alicheka akashika mbavu, akalinunua koti, na kesho yake akaleta wenzake. Wakaja waendesha pikipiki, wanaopigwa na upepo alfajiri. Wakaja wauza nyama wanaoingia vyumba vya barafu. Kila koti lilisomewa wasifu wake, na kila marehemu nilimlilia mimi. Belo lile tulilolicheka likaisha, likabaki la kijivu tu.

Kuanzia hapo alijulikana kama Msoma Wasifu. Kila nguo alijua mwenyewe aliishi vipi. Gauni la maua lilikuwa la mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, aliyefariki kwa kuudhiwa. Suruali iliyochakaa magoti ilikuwa ya mtu mcha Mungu au mtambaa kwenda kwa jirani, mnunuzi achague. Wengine walikuja kusikiliza tu, ila mtu akishacheka mkono wake hulegea, akanunua hata asichokihitaji.

Hakumfurahisha kila mtu. Muuza viatu wa mbele yetu, mzee wa maneno machache, alimwambia siku moja, "Mama, unachezea kifo."

"Nachezea makoti, mzee wangu," wifi akamjibu. "Kifo kina wenyewe."

Kijana naye akawa wa kesho na keshokutwa. Mara makaratasi, mara ghala lina kazi nyingi. Kila alipoahirisha, wifi alikuwa anapangusa kile kiti kwa nguvu zaidi. Halafu kijana akapiga simu, akasema safari hii kweli, atakuwa nyumbani kabla ya mvua. Mama mtu aliimba siku nzima. Alipaka upande wa wanaume rangi ya bluu, akanitia rangi na mimi kwenye gauni kwa makusudi. Mtu mzima yule alikuwa anaruka.

Mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika siku nilipokwenda kununua nyuzi. Simu ikanikuta njiani. Alikuwa kijana aliyekaa chumba kimoja na mtoto wetu huko, akasema ana namba ya mama lakini hakuthubutu. Akanieleza kwamba mwenzake alianguka ghalani akiwa na mzigo begani, na kwamba hakufika hospitali. Nilimfanya ayarudie hayo. Nyuzi sikumbuki niliziacha wapi.

Nilipofika kibandani palikuwa pamejaa watu. Wifi alikuwa juu ya ile ndoo yake, ameshika suti, anamsoma marehemu fulani aliyekuwa hakimu na kumwogopa mkewe. Nikasimama nyuma ya watu. Nilitaka akatize hapo hapo. Nilitaka pia asimalize kamwe, aendelee tu na hakimu wake mpaka jua lizame. Machozi yakaanza kunitoka nimesimama vile vile, akaniona.

"Haya, mjane huyo amefika!" akasema kwa furaha. "Kachelewa msibani, lakini mwangalieni, leo analia kwa machozi kabisa!"

Watu waligeuka wakapiga makofi.

"Wifi," nikasema, "shuka."

"Mlilie mwenzio kwa sauti, mama!" akaniitikia. "Huku mbele hatusikii!"

Wakacheka. Nikapita katikati yao, wakanipisha kwa kuinama kama wanavyompisha mfiwa, mchezo wao huo. Nikamshika mkono.

"Wifi, ni mtoto."

"Mtoto wa nani?"

"Wetu."

Kicheko kilikatika mbele kwanza, nyuma kikaendelea kidogo, kwa sababu wa nyuma hawakuwa wamesikia. Hicho cha nyuma sitakisahau. Muuza viatu ndiye aliyekuja akashusha turubai, akaikunja ile suti akaiweka chini.

Kumsafirisha kulishindikana. Wenzake walichanga wakamzika huko. Nyumbani tulikaa msiba usio na maiti, watu wanaingia wanatafuta pa kuelekeza macho. Ilipofika siku ya kusoma wasifu, wazee wa ukoo walimfuata wifi, kwa kuwa nani anaweza kumzidi? Akakataa.

"Mwili uko wapi?" akauliza. "Wasifu husomwa marehemu akiwa mbele ya watu. Mnataka niusomee ukuta?"

Mtoto wa kaka yangu akaondoka duniani bila kusomewa hata mstari mmoja. Nilimkasirikia wifi, nasema kweli. Niliona kwamba watu tusiowajua hata majina yao, makoti matupu, wamesomewa maisha yao pale kibandani, na aliyemzaa mwenyewe akanyimwa.

Alirudi kazini. Upande wa wanaume aliufunika kwa shuka, kiti na koti vikabaki nyuma yake. Akauza magauni na nguo za watoto, kwa bei tu, bila maneno. Waliojua wakawakonyeza wasiojua. Wateja wa kicheko walikwenda kutafuta kicheko kwingine, na mimi nikashona bila kuinua kichwa.

Siku moja akaniuliza, "Wifi, nguo zake zilikwenda wapi?"

Nilikuwa nimeshamuuliza yule mwenzake wa chumba. "Wamezigawa. Kuna masanduku barabarani, watu hutumbukiza humo, ndiko mabelo yanakotoka."

Belo lililofuata alilifungua taratibu, nguo moja moja, na nikamwona anafanya kile tulichokuwa tunakifanya utotoni. Alikuwa anainusa kila shati kwenye ukosi. Niliinama kwenye cherehani nikashona mshono mahali pasipohitaji mshono.

Mvua zilikuja zikaisha. Asubuhi moja akafika kijana na rafiki zake wawili, wachangamfu, wageni wa soko letu. Alikuwa anasafiri kwenda masomoni, kwenye baridi, anatafuta koti. Wifi akamwambia hana. Upepo ukalisukuma shuka, na rafiki mmoja akaona.

"Si hilo hapo, mama?"

Nikafikiri atawafukuza. Akalivuta shuka, akapanda kwenye kile kiti ambacho hakijakaliwa na mtu, akalitungua koti la kijivu. Kijana akalivaa. Mabega sawa, urefu sawa, mikono ikaishia juu ya vifundo.

"Duh," akasema akicheka, akinyoosha mikono, "huyu wa kafa Ulaya alikuwa na mikono mifupi! Alikuwa nani, mama?"

Muuza viatu akainuka kutoka kwenye kigoda chake. Wauzaji wote wa ule mstari wakageuka kutazama. Wifi akamvua kijana lile koti, akalishika kwa mabega mbele yake.

"Marehemu," akaanza, akalikung'uta koti vumbi, akaanza upya. "Marehemu alizaliwa hapa hapa, siku ya mvua, mkunga amechelewa. Mtoto wa kwanza na wa mwisho. Alikuwa haogi mpaka aitwe mara kumi."

Vijana wakacheka.

"Alipenda ukoko wa sufuria, na alimpigania shangazi yake kila aliposemwa. Mikono aliichukua kwa baba yake. Alikwenda mbali kutafuta maisha, akafia ghalani, na mzigo wa watu begani. Alisema atarudi kabla ya mvua. Ameacha mama, shangazi, na koti ambalo hakulivaa."

Vijana walikuwa bado wanatabasamu, wanasubiri mwisho wa kichekesho. Wifi akageuka akanitazama. Aliningoja, kama zamani. Nikachukua kitambaa kilichokuwa chini ya sindano, nikajifunika kichwa, nikapiga yowe.

"Uuuwi! Mwanangu! Umetuachia nani?"

Rafiki za yule kijana walicheka wakapigana mabega, wakasema mama yule angefaa kwenye michezo ya redio. Wifi aliwaacha wacheke mpaka wakamaliza. Nami chini ya kitambaa nililia mpaka nikamaliza, kwa sababu siku ya msiba sikupata mahali pa kulilia.

Nilipojifunua alikuwa amesimama mbele yangu na koti.

"Wifi," akasema, "mikono uliikata?"

"Sikukata. Niliikunja kwa ndani."

"Basi mfumulie mtoto wa watu, asipate baridi."

Nikachukua wembe, nikafumua mshono wa mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Kitambaa kilichokuwa kimekunjwa ndani kilitoka na rangi yake ya mwanzo, iliyokolea kuliko koti lote. Nikapiga pasi. Kijana akavaa, mikono ikamfika sawasawa, akatushukuru, akaenda zake na wenzake.